Mama akisha kuzaa, nani analipa hospitali?

Maneno ya komite ya afya mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba, Luhwindja

 Aksanti kwa kupanda mlima na kufika. Tunajua kuna waliotoka mapema sana na kuacha kazi ya shamba, na kuna walioacha mgonjwa nyumbani. Hatutasema mingi kuliko inavyofaa.

Mwaka jana mkutano ulitutuma tuangalie jambo moja: mutuweli yetu inalipa mama akienda kuzaa, lakini akisha kuzaa na ugonjwa ukabaki mwilini mwake, ao mtoto akapata shida, nani analipa? Tumezunguka, tumeuliza, tumesoma. Leo tunaleta jibu na pendekezo, na ninyi njo mtaamua.

Tuanze na maana ya maneno. Watu wengi wanasema "kuzaa kumelipwa" kama vile ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Kwenye vituo vingi vya kwetu kuna bei ya jumla kwa kuzaa kwa kawaida: mama anaingia, anazaa, anaangaliwa kidogo, anaenda. Bei ile inaishia hapo. Siku ya pili akipata homa, hiyo ni fakitire ingine. Akitoka damu na kuhitaji kuongezewa, fakitire ingine. Kidonda cha kupasuliwa kikifunguka, fakitire ingine. Mtoto akizaliwa mdogo na kuhitaji oksijeni, naye anafunguliwa karatasi yake, kwa jina lake, hata kama jina hajapewa bado. Kwa hiyo familia inatoka nyumbani ikiwa imejiandaa kwa bei moja, na inakuta bei nne.

Hapo njo matatizo yote yanatokea. Na hapo njo kadi yetu ya sasa inanyamaza.

Juu ya nini tunasema siku 42?

Waganga wa dunia yote wanahesabu hatari ya mama tangu mimba mpaka siku ya 42 baada ya kuzaa, ni kusema wiki sita. Mama akifa ndani ya siku hizo juu ya mimba ao juu ya kuzaa, kifo chake kinahesabiwa kama kifo cha uzazi. Kwa mtoto, siku 28 za kwanza njo za hatari kubwa. Hesabu hii haikutoka kwetu. Siye tunasema tu kwamba kadi inayokwisha siku ya kwanza haifanani na hatari inayodumu wiki sita.

Tuangalie nchi yetu. Uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa Kongo mwaka wa 2013 na 2014 ulionyesha kwamba wanawake 8 kati ya 10 walikuwa wanazalia kwenye kituo cha afya. Hiyo ni mingi. Lakini uchunguzi ule ule ulihesabu vifo vya wamama 846 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa wazima. Mtu anaweza kuuliza: kama wamama wanafika kwenye kituo, juu ya nini wanakufa hivyo? Sababu ni nyingi: njia mbaya, kuchelewa, dawa kukosekana, damu kukosekana. Lakini moja tunaijua siye wenyewe bila kusoma kitabu: kufika si kutunzwa mpaka mwisho. Mama anafika, anazaa, halafu familia inaanza kuhesabu feza, na kila saa ya kitanda inakuwa deni.

Kutoka damu baada ya kuzaa njo muuaji wa kwanza. Mara nyingi kunatokea ndani ya saa 24 za kwanza. Shirika la Afya Ulimwenguni linaomba mama aliyezaa salama akae kwenye kituo angalau saa hizo 24, halafu aonwe tena siku ya pili ao ya tatu, aonwe kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena kwenye wiki ya sita. Kuna dawa inayosaidia damu igande. Mwaka wa 2017 uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi nyingi ulionyesha inaokoa wamama, lakini lazima itolewe ndani ya saa tatu. Saa tatu, wandugu. Sasa ninyi mnajua milima yetu. Kama mama alirudi nyumbani saa sita baada ya kuzaa juu ya kuogopa bei ya kulala, na damu ikaanza usiku, kuna mvua, wanaume wanatafuta kipoyi, wanatafuta tochi, wanashuka bondeni na kupanda tena, saa tatu zimeshapita wakiwa njiani.

Kwa hiyo mama anayekimbia kitanda siku ya kwanza hakimbii juu ya ujinga. Anakimbia bei. Ukimwondolea bei, atalala.

Kufungiwa hospitali

Jambo la pili ni lile ambalo watu wanalisema kwa sauti ndogo. Mama ameshapona, daktari ameshasema aende, lakini hana feza ya kulipa, basi anabakizwa. Hatapewa barua ya kutoka. Analala chini kwenye baraza ya materinite na mtoto wake, anaangalia wengine wakienda. Na kila siku anayobaki, deni linaongezeka. Wanamemba wetu wamepita hapo. Hatutataja mtu wala nyumba. Mmoja wao familia iliuza shamba la mihogo, lile lile walilolipata tena kwa shida waliporudi. Walilipa, mama akatoka, lakini mwaka uliofuata walikodi shamba la mwingine.

Jambo hili halipo kwetu peke yetu. Kenya, wamama wawili walizuiliwa kwenye hospitali moja ya kuzalia ya Nairobi, wakaenda mbele ya Mahakama Kuu. Mwezi wa tisa mwaka wa 2015 mahakama ilisema kwamba kumfungia mgonjwa juu ya deni ni kinyume cha sheria na haki zake, na ikaamuru walipwe. Kwetu Kongo, Katiba ya mwaka wa 2006, kifungu cha 17, inasema uhuru wa mtu njo kanuni na kufungwa ni jambo la pembeni. Kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya. Karatasi iko nzuri.

Lakini tuwe wakweli kwa pande zote mbili. Hospitali nyingi za kwetu zinaishi kwa feza ya wagonjwa. Infirmiye anangojea mshahara ambao haufiki ao unafika kidogo. Dawa zimenunuliwa kwa mkopo Bukavu. Mafuta ya jenereta yamelipwa. Mgonjwa akienda bila kulipa, mgonjwa wa kesho atakuta kabati tupu. Kwa hiyo kutukana hospitali hakutatufungulia mlango. Kinachofungua mlango ni mtu wa tatu anayesimama kati ya mama na hospitali na kusema: deni hili ni letu, mama aende. Mtu huyo wa tatu njo mutuweli. Ndiyo kazi yake.

Na ile ya Serikali?

Wengi wametuuliza: "Rais si amesema kuzaa ni bure?" Ni kweli. Mpango wa kuzaa bure na kutunza watoto wachanga ulizinduliwa Kinshasa tarehe 5 Septemba 2023, ndani ya mpango mkubwa wa afya kwa wote. Kituo kinachoingia kinafanya mkataba, na Mfuko wa Mshikamano wa Afya unakilipa kwa kazi zilizoandikwa. Ni jambo zuri na siye tunalipenda. Ila mama asitoke nyumbani akitegemea habari ya redio. Aulize kabla mimba haijafika miezi saba: kituo hiki kimo kwenye mkataba? Kinalipiwa nini? Hospitali itakayompokea kama shida ikizidi, nayo imo? Pale Serikali inapolipa, mutuweli haitalipa mara mbili. Feza hiyo itabaki kwa mwingine. Pale Serikali haijafika, ao malipo yamechelewa, mutuweli iko. Hatuko wapinzani wa mpango. Siye ni mwavuli wa pili.

Majirani nao wametembea njia hii. Burundi ilifanya kuzaa na kutunza watoto chini ya miaka mitano kuwa bure tangu mwezi wa tano mwaka wa 2006. Wengine kati yetu waliokuwa wakimbizi kule waliona: wamama walijaa materinite kwa wingi, na kazi ikawalemea waganga. Fundisho ni kwamba ahadi peke yake haitoshi. Lazima nyuma yake kuwe na feza inayofika kwa wakati.

Bwamanda walifanyaje?

Kuna watu wanadhani mutuweli ni kitu cha wazungu ao cha mjini. Hapana. Mwaka wa 1986, wakati nchi ikiitwa Zaire, eneo la afya la Bwamanda kule Ekwateri lilianza bima ya hospitali kwa watu wa vijijini, wakulima kama siye. Walifanya mambo matatu ya akili. La kwanza, mchango ulikusanywa wakati wa kuuza mavuno, mkulima akiwa na feza mkononi, si wakati wa njaa. La pili, familia yote iliingia pamoja, si yule mgonjwa peke yake. La tatu, bima ililipa sehemu kubwa ya fakitire ya hospitali, asilimia 80, na mgonjwa akabaki na 20, ili kila mtu aone uzito na asiende hospitali kwa mchezo. Miaka michache baadaye zaidi ya nusu ya watu wa eneo walikuwa ndani. Nchi ilikuwa inaanguka, feza ilikuwa inapoteza thamani, lakini hospitali yao ilisimama.

Hapa kwetu Kivu ya Kusini pia mutuweli ni za zamani. Ofisi ya afya ya Jimbo Kuu la Bukavu, BDOM, imezisindikiza miaka mingi. Na tangu tarehe 8 Februari 2017 kuna sheria ya nchi inayopanga mambo ya mutuweli. Hatugundui gurudumu. Tunataka tu la kwetu lizunguke mpaka mwisho wa safari.

Pendekezo letu

Tunaomba mkutano ukubali kwamba kadi imfuate mama na mtoto siku 42 baada ya kuzaa. Ndani yake kutakuwa: kitanda, dawa zilizo kwenye orodha, kuongezewa damu, kutunza kidonda cha kupasuliwa na kupasuliwa tena kama ni lazima, homa ya uzazi, na utunzaji wa mtoto mchanga. Mutuweli italipa 80 kwa mia, familia 20. Nje yake: chakula, zawadi, na dawa ya kununua sokoni bila karatasi ya muganga.

Tufanye hesabu ya mfano. Si vitabu vyetu. Ni mfano ili kila mtu aelewe. Tuseme familia ni 300, na kila moja ina watu 6. Hiyo ni watu 1,800. Kila mtu akiongeza franka 1,000 kwa mwaka, tunapata 1,800,000. Tuseme wamama 75 wanazaa mwaka huo, na 10 kati yao wanapata shida ya kubaki hospitali. Kila fakitire ni 225,000. Familia inalipa 45,000, mutuweli 180,000. Mara kumi, ni 1,800,000. Kisanduku kimeisha. Mama wa kumi na moja akija, tunamwangalia tu machoni.

Juu ya hiyo tunaomba franka 1,500, si 1,000. Kwa mfano ule ule tunapata 2,700,000, tunalipa kumi, na tunabaki na 900,000, ni kusema wamama watano wengine. Kwa familia ya watu sita ni franka 9,000 kwa mwaka mzima, juu ya mchango wa sasa. Tunajua si kidogo kwa anayeishi na jembe. Kwa hiyo tunaomba ilipwe mara mbili, kila mara baada ya mavuno, kama Bwamanda walivyofanya.

Kuna wanamemba waliotuambia, na tunaheshimu neno lao: "Mimba si ajali. Miezi tisa ni mingi, baba wa mtoto aweke akiba." Ni kweli, kuzaa kwa kawaida familia inaweza kujiandaa, na inapaswa. Lakini nani anaweza kujiandaa kwa damu ya usiku? Ile haichagui mwenye akiba wala asiye nayo. Kitu kinachojulikana, mtu anakiwekea akiba. Kitu kisichojulikana kitaangukia nani, tunakibeba wote. Siye tuliokimbia tunajua tofauti hiyo vizuri: hakuna aliyejua vita vitapita kwa mlango wa nani.

Wengine wameuliza: "Mzee aliyemaliza kuzaa alipe juu ya nini?" Mzee, tunakujibu kwa upole: binti yako, mkwe wako, mjukuu wako. Na siku ya mgongo wako, vijana nao watalipa bila kuuliza kama wao wanaumwa mgongo.

Masharti ya kulinda kisanduku

La kwanza, familia inaandikwa yote, na kadi inaanza kazi baada ya miezi mitatu. Kama kila mtu atangoje mimba ionekane njo aingie, mutuweli itakufa kabla ya mtoto kuzaliwa.

La pili, kuhusu waliorudi karibuni. Hapa komite ilibishana sana. Mtu anarudi na mke mwenye mimba ya miezi minane. Tukimwambia ngoja miezi mitatu, tumemwambia hapana. Tunapendekeza kwamba familia iliyorudi, ikiandikwa ndani ya mwezi wake wa kwanza na ikiwa na ushuhuda wa mkubwa wa kijiji, iingie bila kungoja. Hatari hii isibebwe na mchango wa wanamemba, ibebwe na akiba ya wafadhili. Tutarudi hapo.

La tatu, mtoto anatunzwa kwa kadi ya mama mpaka siku ya 42. Baada ya hapo aandikwe kama mtu wa nyumba. Wababa, msisahau pia ofisi ya etasivili: kuandikisha mtoto ni bure ndani ya siku 90. Ukichelewa, unajitafutia njia ndefu.

La nne, mgonjwa apitie kituo cha afya na apate barua ya kumtuma hospitali. Usiku wa hatari, mkimbize kwanza; barua itafuata, na komite ijulishwe ndani ya siku mbili.

La tano, na hili njo moyo wa yote: hatutafanya mkataba na hospitali yoyote isiyokubali kuandika kwamba mama anatoka siku daktari anasema atoke. Deni linalobaki litazungumzwa mezani kati ya komite na hospitali. Nasi kwa upande wetu tutalipa kwa tarehe tuliyoandika. Tukichelewa, tusishangae wakirudi kwenye tabia ya zamani.

La sita, kisanduku kitasomwa hadharani kila miezi mitatu: kimeingia nini, kimetoka nini, kimebaki nini. Ugonjwa wa mtu hautasomwa, feza itasomwa. Tangu mwezi wa pili mwaka wa 2025, vita ilipofika Bukavu na benki kufunga milango, tumejifunza kwamba feza isiyo na macho ya watu wengi inaogopesha zaidi. Kwa hiyo funguo tatu, watu watatu, na mmoja wao awe mama.

Kwa wafadhili

Hatuwaombi mlipe mchango wetu. Ukilipiwa mchango kila mwaka, siku mfadhili anaondoka mutuweli inaondoka naye. Tumeona mengi yakifungwa hivyo mwaka wa 2025, misaada ya Marekani iliposimama. Tunaomba vitu viwili tu. Cha kwanza, akiba ya mwanzo, ili mwaka mbaya ukija mapema tusivunjike, na ili waliorudi karibuni waingie bila kungoja. Cha pili, msaada wa njia: kipoyi imara kwa kila kijiji, tochi, makoti ya mvua, na feza kidogo ya pikipiki pale inapoweza kupita. Mabega tunayo. Vijana wa salongo wameshasema wataandika zamu zao.

Wamama wetu wazalishaji wa vijijini nao tunawaomba jambo: mkimsindikiza mama kuzaa, msirudi bila kumwambia dalili za kukimbilia. Damu inayolowanisha nguo moja baada ya ingine. Homa. Kichwa kuuma sana na macho kuona giza. Usaha ao harufu mbaya. Na kwa mtoto: kukataa kunyonya, kupumua kwa haraka, kuwa baridi ao moto kupita. Huku kwetu baridi ni kali. Mtoto akae kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, afunikwe. Hiyo haina fakitire.

Wandugu, tuliporudi hapa tulijenga nyumba kwanza, halafu shule, halafu tukaanza kuzika wazee wetu kwa heshima bila kuomba. Sasa tunaomba tusimame na anayezaa, si siku moja tu, mpaka atakapobeba mtoto wake mgongoni na kwenda shambani kwa miguu yake.

Karatasi ya majina iko mezani kwa mwandishi. Anayekubali franka 1,500 na masharti sita, aandike jina lake ao aweke kidole. Asiyekubali, tunaomba aseme hapa hapa mbele ya wote, tumsikie, kabla ya kuhesabu mikono.